Nilimshukuru Meya kwa Njia ya Fulcran

Mpendwa Bi Léocadie, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri gazetini nikiwa na shukrani tele moyoni na aibu kubwa usoni, na naomba unisaidie mapema kabla mizabibu haijaanza kuchipua, maana kuna mtu nimemponza kwa mdomo wangu mwenyewe na sijui nimwendee na uso gani.

Mimi nilikuwa mfanyakazi wa posta, sasa nimestaafu, naishi hapa kijijini Roquebrousse, na mume wangu Ferréol yuko kwenye makao ya wazee kijiji cha pili kwa sababu kumbukumbu zake zimekwenda, hata jina langu halijui tena, lakini nikifika na viatu vyenye lile vumbi letu jeupe la chokaa anavitazama, anaguna, halafu ananiuliza, "Zabibu zimeiva?", hata kama ni Januari, nami namwambia bado kidogo, na hapo tunaanza kuongea kama mtu na mkewe, maana alifanya kazi ya mizabibu maisha yake yote, na siku moja tu jirani alipopata nafasi ya kunipeleka kwa gari, nikaingia na viatu safi, Ferréol aligeukia ukuta na hakunitazama mpaka nikaondoka.

Sasa barabara kuu mimi siiwezi tena, lori la machimbo ya mawe lilinitupa mtaroni na baiskeli yangu, mfupa ulipona ila woga haukupona, nikisikia tu lori linanguruma miguu inakufa ganzi, na basi letu ni la wanafunzi, linaondoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo binti yangu alininunulia baiskeli ya matairi mapana nami nikaanza kupita nyuma, nashika tuta la reli ya zamani iliyong'olewa wakamwaga changarawe, naingia handakini, natokea upande wa pili kwenye harufu ya majani ya thaimu yanayoota porini, halafu nakata katikati ya mizabibu hadi mlangoni kwa Ferréol, na safari nzima sikutani na gari hata moja, na msimu wa kuwinda nguruwe mwitu ukifika, wale wanaume wenye vizibao vya rangi ya chungwa na bunduki zao hunipungia mkono na kuniambia, "Pita, mama, kiongozi kasema tusianze mpaka upite."

Bi Léocadie, njia hiyo imenirudishia mume na imenirudishia miguu yangu, na kila mvua kubwa inaposhuka milimani nilikuwa najua nitakuta kona zimemomonyoka, na kila mara nakuta mashimo yamezibwa, changarawe imesawazishwa, miiba imekatwa, na mimi kwa akili yangu ya ofisini nikajua hiyo ni kazi ya halmashauri, nani mwingine anayetengeneza njia, na nikawa nambariki meya wetu, Bwana Séverac, kila nilipokanyaga pedali.

Ndipo Januari hii meya akatuita ukumbini kwenye ile sherehe yake ya kututakia heri ya mwaka mpya, na wewe unazijua sherehe zile, hotuba ndefu, mkate mtamu wenye matunda ya sukari juu, mvinyo wa mapovu kwenye vikombe vya plastiki, na uchaguzi uko Machi, akauliza kama kuna mwenye neno, mimi ambaye sijawahi kushika kipaza sauti maishani nikasimama nikakishika, nikamshukuru mbele ya kijiji kizima kwa kunitengenezea njia ya kwenda kwa mume wangu, nikalia, watu wakapiga makofi, meya akaweka mkono kifuani akainamisha kichwa, na kwenye meza ya mwisho Fulcran, mkulima wa zabibu ambaye ndiye kiongozi wa wawindaji, alikuwa anabandua polepole karatasi iliyonata kwenye mkate wake.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwa Ferréol kama kawaida, nikasikia trekta, nikamkuta Fulcran huyohuyo anaburuta bapa la chuma la kusawazishia nyuma ya trekta na kushindilia changarawe kwenye kona iliyoliwa na mvua, nikasimama nimeachama, akazima injini akaniambia, "Nasikia meya siku hizi ana trekta. Mwambie basi na huku chini kwenye mfereji asipasahau." Kisha akacheka kidogo, akawasha injini, akanisogezea trekta pembeni nipite, na mimi nikapita, Bi Léocadie, nikakanyaga pedali kama mwizi anayekimbia.

Mwenye duka la mikate ndiye aliyenieleza kwamba ile sehemu ya mizabibu si ya kijiji hata kidogo, ni njia ya shambani ya Fulcran, ya baba yake na ya babu yake, na kwamba baada ya maneno yangu meya amemwendea na ramani, anataka njia yote iwekewe vibao na kuchapishwa kwa ajili ya wageni wa baiskeli wa kiangazi, kwa kuwa wananchi wenyewe wameipenda, na Fulcran amekataa kutia sahihi, na ameonekana kwenye duka la zana za kilimo akinunua mnyororo na kufuli. Akiufunga mimi sina njia nyingine ya kumfikia mume wangu, ila siwezi hata kumlaumu, kwa sababu ni mimi niliyesimama ukumbini nikagawa mali ya mtu huku nikidhani nashukuru. Nilinunua chupa nzuri ya mvinyo nimpelekee, nikafika nusu ya njia nikajiona mjinga, nampelekea mvinyo mtu anayeutengeneza, nikarudi. Nikafikiri niandike tangazo la shukrani kwenye gazeti lenu, lenye jina lake kwa herufi kubwa. Nishauri, mama, nifanye nini?

Ni mimi Maguelone, wa Roquebrousse (jina langu liache tu, huku wote wameshajua).

*

Maguelone mpenzi,

Pole, na hongera kwa kila safari. Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nikafuta machozi, mara ya pili nikatamani kukufinya sikio.

Umezaliwa kwenye bonde hili au ulishuka jana na treni? Mwanamke aliyekaa miaka yote na mtu wa mizabibu hajui kwamba njia inayopita kati ya mistari ya mizabibu ni ya mwenye mizabibu? Wawindaji wenye bunduki wanakuambia kiongozi wao kawaamuru wakungoje, kiongozi huyo unamjua kwa jina na kwa sura, na bado unakwenda kumbariki meya? Mtu amekuhudumia mvua na jua, hata bunduki zake zinakungoja, wewe makofi ukampelekea meya mwenye mkono kifuani. Haya, nimemaliza kugomba. Ulikosea kwa sababu moyo ulikujaa ukafurika, na kosa la namna hiyo mimi nalipenda kuliko adabu nyingi za watu wasioshukuru chochote.

Tangazo la gazetini sahau kabisa. Fulcran angetaka kusifiwa angekuwa amesimama pale ukumbini akadai chake. Na ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwanza kwa posta. Gazetini litatoka Alhamisi ya wiki ijayo, kwa hiyo unazo siku chache za kumwendea. Akilisoma kabla hajakuona, utakuwa umemwanika mara ya pili, na safari hiyo usiniandikie.

Anza na meya. Nenda ofisini kwake, usiende na maneno ya kuzunguka, mwambie ulikosea, ile njia si ya kijiji, na ramani yake iishie kwenye tuta la reli. Wageni wa kiangazi watapita kando ya mto, kuna kivuli na mahali pa kunywa kahawa, hawatakufa. Atakuambia jambo limeshatangazwa. Mjibu kwamba wewe ndiye uliyelitangaza na wewe ndiye unayelitangua, na kwamba Jumamosi asubuhi utasema hivyohivyo kwenye foleni ya mkate. Na ukaseme kweli. Sema njia ni ya shamba la mtu, basi, nyamaza hapo. Usianze kulia, usimtaje Fulcran kwa sifa. Foleni ile itafanya kazi iliyobaki.

Usimwone Fulcran kuwa mchoyo. Yeye alikuachia wewe upite, mtu mmoja anayemjua, anayeogopa malori, anayekwenda kwa mumewe. Hakuliachia kundi zima la watu wenye miwani ya rangi wanaopita siku anaponyunyizia dawa, wanaochuma zabibu njiani, wanaoingia katikati ya bunduki Jumapili kwa sababu ramani imewaambia ni salama. Mmoja wao akianguka kwenye mfereji, wakili atamtafuta nani? Hicho ndicho ulichomletea kwa hotuba yako, na bado alikusogezea trekta upite.

Sasa mwendee. Usimwendee nyumbani, atakukaribisha kiti na mtabaki mnaangaliana. Huu ni msimu wa kupogoa mizabibu. Vaa glavu, chukua mkasi wa Ferréol, najua hujautupa, nenda shambani asubuhi, yeye na vibarua wake wanapokaa kula mkate na soseji kando ya moto wa matawi yaliyokatwa. Chupa yako ya mvinyo kunywa na binti yako. Kaa chini, kula utakachopewa, msikilize akilalamikia baridi na bei na serikali, maana lazima atalalamika. Atakutania habari za trekta la meya. Cheka, umestahili.

Kisha umwambie hivi, na usiongeze: "Fulcran, ule mnyororo ufunge. Njia ni yako, mimi niligawa kisicho changu."

Najua moyo umekulipuka hapo. Unajiuliza, na akiufunga kweli? Na Ferréol je? Akiufunga, utaniandikia tena na tutatafuta jirani mwenye gari, na viatu vyako utavipaka vumbi la chokaa mlangoni kwa mikono yako. Lakini lazima uyaseme maneno hayo ukiwa tayari kuyalipia. Ukimwendea kumshukuru huku jicho lako liko kwenye kufuli, atajua umekwenda kuomba, na mtu huyu umeshamchukulia vya kutosha.

Ukishasema, usimkodolee macho kungoja jibu. Inuka, chukua mstari wa mizabibu ulio karibu naye, anza kupogoa. Akikunyooshea ufunguo wa ile kufuli, upokee, utie mfukoni, mwambie asante mara moja tu, kwa sauti ya chini, na uendelee na shina linalofuata.