Msasa Namba Sitini

Shoga, acha chochote unachofanya. Mume wangu, Fundi, kanivua nguo mchana kweupe.

Unajua Fundi anasoma Kiingereza cha watu wazima, darasa moja na mama yangu. Leo mwalimu kawaambia maneno ya Kiingereza ya kugusa yalianzia vidoleni, miaka ikapita, yakahamia kwenye tabia za watu. Hilo "rough" lilikuwa la kitu kinachokwaruza tu, siku hizi ni hata la mtu mkali.

Kaleta na mfuko wa vitu. Unafungwa kitambaa machoni, unapapasa, unasema neno lake, halafu unamtaja mtu wa namna hiyo.

Fundi katia mkono. Seremala, shoga, miaka kumi na tano anapiga mbao msasa. Hata hakufikiri.

"Rough. Msasa namba sitini. Mama mkwe wangu."

Mama mkwe wangu. Na huyo mama mkwe, mama yangu mzazi, kakaa dawati la nyuma yake. Fundi anasema kitambaa kilimsahaulisha, akakumbuka aliposikia kikohozi cha mama.

Ikabidi ajitetee. "Mama, bila msasa mbao haiuziki. Msasa ndio unaoilainisha."

Mama wala hakununa. Kauchukua ule msasa mkononi mwa Fundi, kautia kwenye mkoba.

Sasa hivi wako sebuleni kwangu. Msasa uko mezani, Fundi kainamisha kichwa kama bwana harusi. Mama kaniita taratibu.

"Mwanangu, nitandikie kitanda. Nakaa mwezi mzima. Hii mbao yako bado ina vibanzi."