Kwa Kulwa, Uliyesema Mama Anajua Kiswahili

Kaka Kulwa,

Sikuulizi hali, maana najua u mzima. Watu wa Masumbwe wananiambia makarasha yako yanasaga mawe ya dhahabu kutwa, na wewe umenenepa. Nakuita kaka kwa mazoea tu. Ulinitangulia kutoka tumboni kwa dakika chache, na tangu siku hiyo unajiona mkubwa wangu, nami nimekuachia uamue kila kitu. Sasa nimekoma.

Juzi ulinipigia simu ukasema, "Doto, futa yale malalamiko ya nyumba ya wazee, unaniaibisha. La sivyo nitamwambia afisa ustawi kwamba mama amechanganyikiwa, yaishe." Nilikata simu kwa sababu mama alikuwa amekaa mbele yangu anachambua choroko, na sikutaka asikie ninavyotukana. Yale niliyoyameza nayaandika hapa, kwa adabu kidogo.

Amechanganyikiwa? Mama huyuhuyu jana alinisimulia homa yako ya utotoni, alipokubeba mgongoni kutoka Didia hadi hospitali, mimi nikimfuata nyuma nimeshika kanga yake. Anakumbuka mpaka rangi ya blanketi. Ulikuwa unalia, "Mayu, minzi," mama, maji, naye kila nyumba tuliyopita alipiga hodi akakuombea. Nilichoka nikataka kukaa chini, akaniambia nivumilie, mwenzangu anaumwa. Hakuna aliyekuambia uombe kwa Kiswahili.

Nakumbuka pia kikao cha wazazi tulipokuwa darasa la tano. Mwalimu mkuu alimwuliza mama swali, mama akajibu kwa Kisukuma, kwa sauti yake ile kubwa, watoto wakaangua kicheko. Ulipoulizwa kama yule ni mama yako ulisema, "Hapana, ni jirani." Mama hakusikia. Mimi nilisikia, na nikakusamehe kabla hatujafika nyumbani. Nilikosea. Ningekuchongea siku ileile ukachapwa, pengine leo nisingekuwa naandika barua hii.

Mama alipoanguka akavunjika nyonga, ulikuja na gari lako kubwa ukatangaza kwamba unampeleka kwenye nyumba ya wazee pale Shinyanga mjini. Kuna manesi, ukasema, kuna televisheni, na mkuu wake mnasali naye. Mume wangu alikuwa amelazwa, hapa Mwadui nilikuwa na chumba kimoja, nikakubali. Mama alibaki kwenye gari wakati tunajaza fomu. Mkuu aliuliza, "Mama anaongea Kiswahili?" Ukacheka. "Kiswahili safi kabisa." Ukaandika hivyo, ukasaini.

Kwa nini, Kulwa? Nani angekucheka? Mkoa huu umejaa wazee wasiojua Kiswahili, na hakuna mtoto wao aliyewahi kufa kwa aibu.

Walitaka twende Jumapili tu, wazee wakiwa wameogeshwa na kuvalishwa. Jumanne moja nilikwenda bila taarifa. Nilimkuta mama amefungwa mkono kwenye chuma cha kitanda kwa kipande cha shuka, midomo imepasuka, ananuka mkojo wa siku kadhaa. Aliponiona hakunisalimu. Alisema, "Minzi." Alikunywa vikombe vitatu bila kupumua. Mhudumu aliyekuwa pale, binti Msukuma kama sisi, alisema huku anatazama sakafu: "Dada, mimi namwelewa. Ila mkuu anasema fomu inaonyesha anajua Kiswahili, anafanya kiburi. Apewe maji wakati wa chakula tu, mengine mpaka aombe vizuri kama wenzake. Tena akinywa sana anakojoa kitandani."

Najua utasema fomu haikumfunga mama mkono. Kweli, walimfunga wao, ndiyo maana nimewashtaki wao. Lakini walikuwa wanatafuta kisingizio, na wewe uliwaandikia kwa mwandiko wako mzuri.

Mama nilimtoa kule, yuko kwangu mwezi wa pili sasa. Kidonda cha mkono kimepona. Ila kila siku anaficha kikombe cha maji chini ya mto, kinamwagika, na asubuhi ananiomba radhi kwa shuka kulowa. Ananiomba radhi mimi, niliyelowesha mgongo wake miaka miwili. Nikimwona hivyo nakuchukia. Nimeliandika neno hilo na silifuti.

Na mimi nina langu. Siku ya fomu nilikuwa nimekaa kiti cha pili, nikakusikia. Nilitazama viatu vyangu. Yule mkuu alikuwa anaongea kisomi, na mimi fundi cherehani sikutaka ajue tumetoka wapi. Ningesema neno moja tu, mama angekunywa maji. Nimeshamwambia afisa hivyo, ameandika.

Alhamisi mama anatoa maelezo yake. Afisa anatoka mkoa mwingine, hajui Kisukuma, kwa hiyo aliuliza kupitia kwangu mama angependa nani amtafsirie. Nilijua atanitaja mimi. Akasema, "Kulwa. Kulwa amesoma, atanisemea vizuri." Nilibishana naye mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Hakubadilika. Afisa amekubali, mradi nami niwe pale nasikiliza. Bibi aliyelala kitanda cha pembeni ya mama bado yuko kule kwenye nyumba ya wazee, hajui Kiswahili na hana mtu wa kumtoa. Mama akionekana hana akili, hakuna atakayekwenda kumtazama yule. Kwa hiyo utasema kila neno la mama kama alivyolisema. Ukipunguza moja, nitasimama niliseme mimi.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mama. Hajui nani aliandika kwamba anajua Kiswahili. Anadhani ni wao. Afisa atamwuliza kuhusu hilo, ameshaniambia. Swali hilo utamtafsiria wewe, kwa Kisukuma, umekaa mbele yake, naye atakutazama akisubiri umwambie ni nani.

Kikao cha Alhamisi ni saa tatu asubuhi. Nakutakia safari njema, kwa sababu nataka ufike.

Pacha wako,
Doto