Pana Niliyoiandika Bana

Baba Akinyi,

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike kwenu kando ya ziwa. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu taipureta ya ofisi si yangu tena. Nitafika hapo.

Kwanza habari za gereji. Ile trekta iliyokuwa na breki mbovu imepona. Langat amepewa ufunguo wa stoo yako na anaacha spana popote. Mvua inanyesha kila alasiri, majani ya chai ni mengi, malori hayapumziki. Mashua ya Meneja iko nyuma ya gereji, juu ya trela, imefunikwa turubai. Ile mashine yake ya kushika usukani imeungua.

Nataka nikueleze ilivyoungua kwa mpangilio. Hukupenda mtu anayeanzia mwisho.

Unakumbuka ilipokuja ndani ya boksi. Wewe ulizaliwa ziwani, ulijua tanga na upepo, lakini kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza. Mimi nilijua Kiingereza na sikuwahi kupanda mashua. Tukawa tunakaa kwenye benchi ya gereji saa ya chakula, mimi nasoma, wewe unauliza. Mkono wa chuma wa kusukuma usukani. Dira ndani yake. Vifundo viwili vya kuzungusha, kama vya redio. Cha kwanza ni cha nguvu: mashua ikipotoka, usukani usukumwe kiasi gani. Cha pili wewe ulikiita cha uvumilivu: mashua iachwe ipotoke kiasi gani kabla mashine haijashtuka. Zaidi ya hapo kitabu kilisema tu kwamba kila mashua ijaribiwe kwenye maji yake. Mkaenda Kisumu wewe na Meneja Jumamosi tatu, mkajaribu. Jumamosi ya nne ulikuwa umelazwa.

Meneja akanituma kwako na daftari, uniambie vipimo nipige kadi ya kubandika ndani ya mashua. Yeye mwenyewe bado alikuwa mwanafunzi wako katika mambo ya maji. Sauti yako ilikuwa imebaki pumzi tu. Ulisema nguvu iwe nne siku zote. Ziwa likitulia, uvumilivu uwe mbili. Kisha ukasema, "Likichafuka, cha pili weka," na neno moja. Nikaandika "bana". Nesi akasema muda umekwisha. Sikukusomea nilichoandika, mimi ninayesoma barua ya kuagiza sabuni mara tatu kabla haijatoka.

Ofisini nikaigeuza kwa Kiingereza: maji yakichafuka, kaza.

Baada ya mazishi Meneja alikwenda ziwani peke yake. Upepo wa mchana ukainuka, akafuata kadi, akakaza kile kifundo cha uvumilivu. Mashine ikawa inajibu kila wimbi, kushoto, kulia, bila kupumua, na yeye yuko mbele anapunguza tanga. Ikaungua. Mashua ikageuka yenyewe, ule mti wa chini wa tanga ukampiga na kumvunja mfupa wa bega. Gugumaji ndilo lililoizuia mashua isifike kwenye mawe. Wavuvi wakamtoa.

Jumatatu alikuja mkono umefungwa, akanisomea barua niipige. Ilisema marehemu aliacha maagizo ya hatari, kwa hivyo nafasi ya kujifunza ufundi gerejini ambayo Meneja alimwahidi binti yako Akinyi imefutwa. "Huyo mzee angeniua," akaniambia. Nikasema ndiyo, sir. Niliipiga bila kosa hata la herufi moja.

Saa ya chakula nilikwenda kwenye ile benchi na daftari. Ukurasa wa nyuma nilikuwa nimeandika maneno yako ya siku nyingine: "Mashine ni kama ng'ombe wa plau. Ukimchapa kila hatua hafiki mwisho wa shamba." Mtu aliyesema hivyo angesemaje kifundo kibanwe? Nikalitamka lile neno kwa sauti. Bana. Nikatamka lingine. Pana. Kinywani mwangu yalitoka sawasawa.

Ulikuwa ukinitania, "Chebet, kwenu pata na bata wanalala kitanda kimoja," nami nikikujibu kwamba watoto wenu ndio wanaolima samba. Tulikuwa tunacheka.

Ulisema pana. Weka pana, iache ipotoke, itarudi.

Barua ilikuwa bado haijatiwa sahihi. Niliiweka chini ya karatasi nyingine siku tatu. Sitajitetea sana. Kwetu Sigor mimi ndiye wa kwanza kuandikwa kazi ya ofisi, na mama amewaambia watu wote kanisani. Kila nikiinuka kwenda kwa Meneja, nilikumbuka kitu cha kufaili.

Alhamisi niliingia kwake na ile barua mkononi. Nilisema, "Sir, kosa ni langu. Yeye alisema pana." Meneja akaniambia nitamke maneno yote mawili. Nikatamka. Akaniambia nirudie.

"Sisikii tofauti," akasema.

Nikayaandika kwenye karatasi. Aliyasoma, kisha akaichana ile barua kwa mkono wake mmoja mzima, akiishikilia kwa meno. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba karani anayeandika asichokisikia akae mahali penye namba. Sasa niko banda la kupimia majani. Naandika kilo.

Akinyi alianza gerejini Jumatatu iliyofuata. Langat anasema mkono wake ni mwepesi, ila anauliza maswali kama wewe.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Juzi Mama Akinyi alikuja bandani na omena, wale dagaa wa ziwa lenu, kwenye gazeti. Akanishika mikono miwili mbele ya wachumaji wote. "Asante, mwanangu. Nimesikia ulisimama mbele ya Meneja ukatetea jina la mzee." Amesikia nusu. Hajui ni nani aliyelichafua hilo jina kwanza. Wachumaji wakanipigia makofi. Nilisema, "Haya, mama." Nikapokea omena, nikaenda nazo nyumbani, nikazila. Zilikuwa tamu.

Nimeona mambo mengi ya kuogopa mwaka huu, lakini sijaogopa kitu kama ile shukrani.

Basi pumzika, Baba Akinyi. Kazi yako ilikuwa sawa, tangu kipimo cha kwanza hadi cha mwisho. Nakuahidi hivi: Jumapili, ibada ikiisha, nitakwenda laini, kwenye nyumba za wafanyakazi, kwa Mama Akinyi nimweleze yote, pamoja na zile siku tatu. Atanivutia kiti na kumimina chai kabla sijafungua mdomo, unamjua. Sitakaa mpaka nimalize kusema.

Chebet