Avenue nzima nyuma ya povu

Bunia, siku ya posho, ndiyo Jumamosi. Mvua ilikatika asubui, sasa jua inapiga na matope iko kila pahali. Niko muchovu mpaka ku kope.

Leo nimekimbiza avenue yetu nzima. Bila bunduki.

Plamedi, mutoto wangu wa miaka mbili, hapendi maji. Nilipomupaka sabuni aliniponyoka kama samaki ya Mahagi-Port, akatoka mbio mu barabara, uchi, povu ku kichwa. Miye nyuma yake bila viatu, kitambaa ya kichwa imeanguka, napiga kelele, «Simama! Simama!»

Sasa hapa kwetu, mu mutaa ya Shari, tangu vita ya zamani, ukiona mama anakimbia bila viatu, na weye unakimbia. Utauliza kisha, mu njia. Mama yangu alinikimbiza vile ku mugongo, nikiwa mudogo kuliko Plamedi.

Basi jirani Papa Jérémie aliniona, akabeba matela yake ya kulalia. Bibi yake aliona matela, akatoa sufuria ya maharagi ku moto. Nikageuka hivi: watu wenye mabunda, mbuzi, na mwanaume mumoja mwenye kinyozi alimunyoa upande mumoja tu.

Na miye nikaogopa kabisa. Kama watu wote wanakimbia, si vita imefika? Nilisahau kama ni miye nilianzisha.

Nikaangalia mbele. Plamedi hayuko.

Watu walinipita huku na huku. Niliita mpaka sauti ikakauka. Kila mguu uliokanyaga chini, niliona unamukanyaga yeye.

Nilimukuta penye kanisa, watu wamesimama kupumua. Alikuwa amefungwa ku mugongo ya Tantine Furaha, jirani aliyekimbia vita kule Bambu. Hakuuliza ni mutoto wa nani. Siku ya kukimbia, mutoto wa karibu ni wako. Kwetu iko vile.

«Mama Plamedi, wanatokea upande gani?» Papa Jérémie ananiuliza, matela ingali ku kichwa.

«Ba nani?»

«Wenye kupiga bunduki!»

«Hakuna, Papa. Nilikuwa namuogesha mutoto.»

Bibi yake akatua sufuria chini, akasema:

«Kumuogesha! Na siku ya kumukata kucha, si tutafikia Uganda?»

Watu walicheka mpaka wakakaa ku matope. Tantine Furaha hakucheka. Alivuta fundo ya kitenge, ikamushinda. Nilimufungulia miye. Nilitaka kumuambia aksanti, nikamushika tu.

Nyumbani nilifunga mulango, nikamuogesha tena, masikio na yote. Kisha nikamugombeza: hapana kukimbia mu barabara!

Akapiga makofi.

«Mama, tena! Watu yote!»

Kwake ni muchezo. Nikimukataza kukimbia, itakuwa je siku ya vita ya kweli?

Kesho nitamufundisha hivi: kukimbia ni ruhusa. Lakini kwanza unashika mukono ya mama.