Kata Moja ya Baba Yako

Moyo wa baba yako unapiga ovyo, na mimi mama yako nilimdanganya daktari. Sasa ndiyo nikusalimu: hujambo, Agnesi mwanangu, mwalimu wa Kitangari nzima hata kama unafundisha Iringa?

Juzi alikaa chini ghafla kwenye mikorosho, ameshika kifua. Hospitali wakambandika nyaya, daktari akauliza, "Mzee anatumia pombe?" Nikadakia kabla hajafungua mdomo: "Mume wangu hanywi. Hajapepesuka hata siku moja." Nilijibu kwa maringo, unanijua. Uraka wangu, pombe ninayoikamua mwenyewe, sikuuhesabu. Kwangu mimi yale ni maji ya mabibo, na kata moja ya jioni ni kama chakula chake.

Unakumbuka tulivyokuwa tukikamua mabibo wawili, nzi wakitufuata, watu wakitoka hadi Tandahimba kwa sababu mkono kama wangu hawakuupata kwao? Wewe ndiye uliyempelekea baba yako kata yake. Akishamaliza unamlalia kifuani. "Mama, humu ndani kuna watu wanatwanga." Alicheka mpaka ukateleza.

Tuliporudi nyumbani nami nikaweka sikio. Agnesi, wanatwanga kama wanawake wawili waliogombana kwenye kinu kimoja. Huyu anawahi, yule anachelewa, halafu kimya. Katika kile kimya nilikufa mimi kwanza.

Kesho yake nikamrudisha, nikasema ukweli. Daktari hakunigombeza. Alimpa dawa, akasema, "Mama, si lazima mtu alewe. Hata hiyo moja ya kila siku inaweza kuvuruga mapigo. Aache." Baba yako akanigeukia: "Sifa zako zitaniua, Mama Agnesi."

Anasema ameacha. Lakini mtoto wa kaka yako anatoka jandoni, na kwa mila babu yake, ndiye huyo baba yako, anafungua mtungi kwa kunywa kata ya kwanza. Baba zako wadogo wameshaanza kunibembeleza: "Moja tu, shemeji, siku ya furaha." Mtungi wangu nimeupindua jikoni. Naogopa mitungi ya wenzangu, na naogopa mdomo wangu, umezoea kusifu, haujazoea kukataza.

Kwa hiyo uje ukae ubavuni mwake. Kata ile uipokee wewe, kama zamani, ila safari hii isimfikie.

Ukoo wote unafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Wewe fika Ijumaa.

Mama yako