Mwite Kibibi

S.L.P. 418,
Mlandege,
Iringa.
12 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Hanifa,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Bremen, na miguu yako imeacha kuuma? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila baridi ya mwaka huu imetushika makoo. Upepo unaingia dukani mpaka vitenge vinapepea rafuni, na wateja wanaota moto kwenye jiko langu kwanza ndipo waulize bei. Najua utanicheka, wewe unayekanyaga theluji.

Kitabu chako kimefika. Kaka Junaid alikuja nacho kutoka Dar, katoni nzima, na kila aliyeingia dukani alioneshwa picha yako nyuma ya jalada hata kama alifuata uzi. "Binti Anayeitika"! Mchawi wa miaka kumi na tano, mwanafunzi wa Iringa, anayesikia waliokufa wakimwita. Nilicheka hadi machozi aliporuka na ungo akasahau viatu juu ya jiwe la Gangilonga. Hata ulipompa jina la marehemu mama yetu, Mwanakhamisi, ambalo ndilo jina halisi la binti yangu Kibibi, nilifurahi sana.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Ni ile sura ya mwisho, pale wazee waliokufa, wa chini ya jiwe, wanapomzunguka msichana, wakamwita mara tatu kwa jina lake na la mama yake, naye akaitika na kushuka. Hanifa, ulijua unaandika nini? Ulikuwa na miaka sita mama alipozikwa, na nyumba yetu ya zamani ilipakana na makaburi. Sisi wanawake hatufiki kaburini, lakini wewe ulichungulia juu ya ukuta, ukamsikia Mwalimu Ibrahimu akisoma talkini, akimwita maiti kwa jina lake na la mamaye ili ajue kujibu maswali ya kaburi. Sauti ile ikakukaa, maana yake haikukukaa. Jina la mtu likiunganishwa na la mama yake namna ile huitwa kaburini, au kwa mganga. Na mama wa kitabuni ukampa jina langu!

Watoto wa shule wamekipenda kitabu kupita kiasi. Lea, binti wa jirani yangu Faustina, alikuwa akiwasomea wenzake nyuma ya madarasa, kisha wakaanza kuigiza. Nani awe mchawi? Mwenye jina, bila shaka. Lea mwenyewe amenieleza huku analia: "Mama Kibibi, sisi tulikuwa tunaigiza tu. Tumemwita mara ya tatu, akaitika sauti siyo yake. Tukakimbia wote."

Unajua wasichana wa hapa wakiitwa huitika "abee". Binti yangu hajawahi kuitika vingine. Siku hiyo aliitika "labeka", kama mama alivyokuwa akiitika, na kama ulivyoandika.

Tangu hapo anaitika pasipo kuitwa na mtu. Juzi tulikuwa tunamenya viazi, akaweka kisu chini, akainamisha kichwa kusikiliza. "Labeka," akasema, akasimama. Nikamuuliza nani kamwita. "Si wewe, mama?" Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kama mtungi. Asubuhi namkuta amekaa kitandani, nyayo zake zina udongo mwekundu uliolowa. Uani kwetu ni sementi, Hanifa, na mvua hatujaiona tangu mwezi uliopita. Siku hizi nikimwita mimi hasikii mpaka nimguse. Naogopa ipo siku ataitika asirudi.

Hospitali wamempima, hawakuona kitu. Bombani wameshaanza kumwita mtoto mchawi. Faustina amewakemea, kisha akaja kwangu. "Kamwene, Mama Kibibi," akanisalimu kwa Kihehe chake. "Hawa waache waseme. Huyu mtoto sisi tunamjua." Akakaa nami mpaka jua likapungua, tukimenya viazi vilivyobaki.

Nilimwita Mwalimu Ibrahimu, mzee kweli sasa. Alimsomea mtoto, kisha akataka na yeye asomewe ile sura. Alipoisikia hadi mwisho alikifunga kitabu. "Huyu kaitwa na aliyeandika," akasema. "Aliyeita ndiye amrudishe. Sisi wengine tutapiga kelele tu."

Ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Nisingeweza kukueleza kwa mdomo bila kulitamka jina lile, na mtoto haondoki karibu yangu. Hata humu utaona sijayaweka majina yale mawili pamoja. Junaid ataipiga picha barua hii akutumie, usingoje posta.

Anasema unaandika sehemu ya pili. Basi ukurasa wa kwanza mtoe huko chini. Mwite Kibibi, jina ulilompa mwenyewe siku ya arobaini yake ukiwa umempakata. Hakuna maiti aliyewahi kuitwa Kibibi kaburini. Usitafute maneno makubwa, nakujua unavyoyapenda. Andika: "Kibibi, njoo ndani, chai inapoa." Kisha piga simu umwambie hivyo hivyo kwa sauti yako. Usiseme dada anazeeka; mdharau mwiba mguu huota tende. Namtaka mwanangu, Hanifa.

Msalimie shemeji Matano na watoto. Junaid anakusalimu, na Faustina, na Lea anayeomba umsamehe ingawa hana kosa. Mungu akufunike, na kalamu yako aitie heri.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Shufaa.

Nilikuwa nimeshaikunja. Ni alasiri, jua linawaka, na Kibibi alikuwa ameketi nyuma yangu akishona kifungo. Nimesikia mtu anaita uani, jina lake na langu, yote mawili pamoja. Ameitika, akasimama. Nimemkamata upindo wa kanga na bado nimeushika, ndiyo maana mwandiko umepinda. Uani hakuna mtu. Lakini sauti ile naijua, nimeilea mimi. Ni yako, Hanifa. Imeita mara mbili.