Neno la Siri la Baba Faidha

Lupaso, Jumanne

Mwanangu Faidha,

Asalamu aleikumu. Mimi sijambo. Mikorosho ilitoa maua, lakini ugonjwa wa ubwiri umeyaharibu mengi. Arobaini ya baba yako imepita salama.

Ile laptopu uliyomnunulia sasa ninayo mimi. Naichaji kwa sola na kuifunika kanga isiingie vumbi, kama ulivyoagiza. Ila ilikataa kufunguka bila neno la siri. Ulimwonya asimwambie mtu. Mkaidi yule, kwako alitii, hata mimi akanificha. Nikaandika “Faidha”, ikakataa. Chini kikatokea kidokezo alichojiwekea: “Mtoto wetu wa kwanza.” Nikaandika Faidha tena, nikidhani nimekosea herufi.

Ndipo nikakumbuka onyo lako jingine: asiweke jina ambalo watu wanalijua.

Mwanangu, kabla ya kuitwa Mama Faidha, niliitwa Mama Hajira kwa siku tisa. Tulipomzika, baba yako alisema tusimtaje tena. Miaka yote hii nilidhani amemsahau, na nilimchukia kwa hilo.

Nikaandika jina lake. Ikafunguka, na barua hii naiandikia humo humo.

Mama yako,
Mama Hajira